Kutengeneza bodi ya saketi nyumbani kwa tona na pasi

Wiki mbili hazipiti bila kijana kuniletea kipande cha bodi kilichoharibika. Njia zimekatikakatika, au tona yote imebaki kwenye karatasi, au shaba imeliwa mahali ilipotakiwa kubaki. Swali ni lile lile: "Fundi, nimekosea wapi?" Nami huuliza kwanza, "Shaba uliisafisha na nini?" Wengi hunijibu kwamba waliipangusa kwa kitambaa. Basi kosa lipo hapo. Pasi, dawa na muda wote uliofuata vilikwenda bure kwa sababu ya mafuta ya vidole ambayo hata jicho haliyaoni.

Nimeona niandike hatua zote mahali pamoja, na nisisitize pale ambapo wanaoanza hujikwaa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Tona ya printa ya leza ni unga wa plastiki. Ukiupasha moto unayeyuka na kung'ang'ania unachogusa. Tunachapa mchoro wa saketi kwenye karatasi inayong'aa, tunaulaza juu ya shaba na kuupiga pasi, tona inahama kutoka kwenye karatasi na kushika shaba. Bodi ikitiwa kwenye dawa inayokula shaba, sehemu zilizofunikwa na tona zinabaki na zilizo wazi zinaliwa. Kinachobaki ndizo njia za umeme.

Kwa mfano nitatumia saketi ndogo inayoshusha volti 12 za betri ya sola kuwa volti 5. Ina aisi ya 7805, yaani chipu yenyewe inayoshusha volti, daiodi 1N4007 inayopitisha umeme upande mmoja tu, kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na ya 0.1 upande wa kutokea, taa ndogo ya LED na rizista yake ya omu 330, pamoja na viunganishi viwili vya nyaya. Bodi yake inatosha kwenye sentimita 5 kwa 4. Kwa anayeanza naona hii ndiyo bodi ya kwanza inayofaa: vifaa vichache, njia nene, na ukimaliza unabaki na kitu cha kukusaidia nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bodi ya shaba ya upande mmoja. Ziko za fiberglasi zinazoitwa FR4, ambazo zina rangi ya kijani hafifu au njano na hupitisha mwanga kidogo, na ziko za kahawia zilizotengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa. Za kahawia hukatika na kutoboka kwa urahisi, lakini joto la kulehemu likizidi kidogo shaba hubanduka. Anza na FR4 ya unene wa milimita 1.6. Kipande cha sentimita 10 kwa 15 kinatoa bodi kadhaa za mfano wetu, kwa hiyo una nafasi ya kukosea.
- Karatasi ya jarida inayong'aa, nyembamba, yenye picha chache. Wino wa jarida hautahamia kwenye shaba, usiuogope.
- Printa ya leza, au mashine ya fotokopi inayotumia tona. Printa ya wino haifai kabisa, hata ukibadilisha karatasi.
- Pasi ya umeme, iliyomwagwa maji yote kama ni ya mvuke.
- Msasa laini wa namba 600 hadi 1000, au stili waya mpya ya kusugulia sufuria. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Asetoni, au dawa ya kuondolea rangi ya kucha isiyo na mafuta.
- Maka peni nyeusi isiyofutika kwa maji, mswaki wa zamani, beseni, rula, msumeno wa chuma na tupa.
- Feriki kloraidi, dawa ya kula shaba. Huuzwa kama mabonge ya njano au kahawia, au ikiwa tayari kimiminika, kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Dar es Salaam nenda Kariakoo, Nairobi uliza Luthuli Avenue. Kwenye lebo tafuta FeCl3.
- Chombo cha plastiki chenye kina kifupi, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa.
- Drili ndogo na biti za milimita 0.8, 1.0 na 1.3.
- Multimita, yaani kipimo cha umeme, na vifaa vya kulehemu.

Maswali mawili huulizwa sana hapa. La kwanza ni kama asidi ya betri ya gari inaweza kuchukua nafasi ya feriki kloraidi. Haiwezi, asidi hiyo peke yake haili shaba, ila itakula nguo zako na ngozi yako. La pili ni la pasi ya mkaa. Uzito wake ni mzuri na joto la kuyeyusha tona inalo, tatizo ni kwamba huwezi kulidhibiti, na jivu likidondoka kwenye shaba safi umeharibu. Kama huna umeme itumie, lakini jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Hatua ya 1: Chora saketi ukijua itatengenezwa kwa mkono

Programu ya KiCad, ya kuchorea saketi kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kwa kazi hii na nyingine kubwa zaidi. Mchoro unaokubalika kiwandani unaweza kukushinda nyumbani, kwa hiyo jipe nafasi. Fanya njia ziwe na upana wa milimita 1, na zile zinazobeba mkondo mkubwa, kwenye mfano wetu ni za kuingilia, kutokea na ardhi (upande hasi wa saketi), ziwe milimita 2. Njia ya milimita 1 kwenye shaba ya kawaida ya mikromita 35 hubeba ampea 2 bila kupata joto la maana. Acha nafasi ya milimita 0.8 kati ya njia na njia, na usishuke chini ya 0.5 mpaka mkono uzoee. Pedi za kulehemu, yaani viduara vya shaba ambamo miguu ya vifaa hupita, ziwe na kipenyo cha milimita 2 au zaidi.

Chagua tundu dogo katikati ya kila pedi, hata kama baadaye utatoboa kubwa. Dawa ikila shaba pale katikati, inabaki kishimo kinachoshika ncha ya biti isiteleze. Utaushukuru uamuzi huo utakapofika kwenye kutoboa.

Jaza sehemu zisizo na njia kwa shaba ya ardhi. Kadiri shaba inayotakiwa kuliwa inavyopungua, ndivyo dawa inavyodumu.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: kugeuza mchoro. Mchoro ulio kwenye karatasi ukilazwa kifudifudi juu ya shaba, unageuka, kushoto kunakuwa kulia. Programu nazo hukuonyesha shaba ya chini kana kwamba unaitazama kupitia bodi ukiwa upande wa vifaa, yaani tayari imegeuzwa mara moja. Kwa hiyo kwa bodi ya kawaida, ambayo vifaa viko juu na shaba iko chini, unachapa safu ya chini kama ilivyo, bila kuigeuza. Ukichapa safu ya juu, hapo ndipo unageuza.

Usitegemee kukariri. Andika neno kwenye safu ya shaba yenyewe, kwa mfano "12V". Kwenye karatasi neno hilo lisomeke kinyume, kama kwenye kioo. Kwenye shaba litasomeka sawasawa. Karatasi ikitoka na neno linalosomeka vizuri, simama, usipige pasi.

Hatua ya 2: Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida

Karatasi moja tu ya nakala ya kawaida itakuokoa na hasara ya bodi nzima. Chapa mchoro kwa ukubwa halisi, asilimia 100, kisha shika rula upime. Upande uliouchora sentimita 5 uwe sentimita 5. Halafu chukua vifaa vyenyewe, 7805, kapasita na viunganishi, usimamishe miguu yake juu ya pedi zilizochapwa. Miguu ya 7805 ina nafasi ya milimita 2.54 kati yake. Printa ikiwa imepunguza mchoro ili uenee kwenye ukurasa, utaiona tofauti hapo hapo.

Hatua ya 3: Chapa kwenye karatasi inayong'aa

Wengi wetu hatuna printa ya leza nyumbani, tunakwenda steshenari. Nenda na faili la PDF kwenye flashi, na umweleze mhudumu mambo matatu: ukubwa uwe asilimia 100, tona iwe nzito kadiri inavyowezekana, na hali ya kubana matumizi ya tona izimwe.

Mwambie pia kwamba umekuja na karatasi yako, na umwonyeshe kabla hajaiingiza. Ukurasa wa jarida uukate kwa mkasi au wembe uwe na ukubwa kamili wa A4, kingo zikiwa safi, usio na pini wala mkunjo. Usipeleke karatasi ya picha yenye ngozi ya plastiki, wala plastiki ya kufunikia vitabu. Ndani ya printa ya leza kuna rola la moto. Plastiki ikiyeyukia pale, umeua mashine ambayo mtu analishia watoto wake.

Chapa nakala tatu au nne kwenye ukurasa mmoja. Ikitoka, usiguse upande wenye tona, na usiikunje. Ibebe ndani ya daftari.

Hatua ya 4: Kata bodi na uisafishe

Kata kipande kinachozidi mchoro kwa nusu sentimita kila upande. Msumeno huacha makali yaliyoinuka kwenye kingo. Yaondoe yote kwa tupa, maana makali hayo huinua pasi, na katikati ya bodi hukosa mgandamizo.

Kisha usafi, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Sugua shaba kwa msasa laini au stili waya ukiwa umeilowesha, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana, mpaka rangi iwe ya waridi inayolingana kila mahali. Mikwaruzo midogo midogo ni mizuri, tona inapata pa kushika. Mikwaruzo mikubwa ya msasa mkali haifai. Osha kwa sabuni ya maji na usuuze.

Sasa fanya jaribio la maji. Inamisha bodi chini ya maji yanayotiririka kidogo kidogo. Maji yakitanda juu ya shaba kama utando mmoja, bodi ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au yakikwepa sehemu fulani, pale pana mafuta, rudia kusugua. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumfundisha anayeanza, ningechagua hili.

Kausha kwa karatasi safi ya tishu, pitisha asetoni mara moja kwa tishu nyingine, uache ikauke. Kuanzia hapo ishike kwa kingo tu. Usiiache kesho, shaba huanza kubadilika rangi hewani. Piga pasi ndani ya nusu saa.

Hatua ya 5: Piga pasi

Tandika ubao mgumu ulionyooka, juu yake karatasi chache za kawaida. Usitumie blanketi wala godoro kama unavyopigia nguo, kwa sababu bodi itazama na mgandamizo utapotea. Weka pasi kwenye joto la pamba au kitani bila mvuke, uiache ipate moto kikamilifu. Mtaani kwenu umeme ukiwa mdogo jioni, fanya kazi hii asubuhi.

1. Pasha bodi peke yake kwa nusu dakika hadi dakika moja, karatasi safi ikiwa juu ya shaba. Bodi baridi hunyonya joto la pasi na tona haiyeyuki sawasawa.
2. Laza mchoro, tona ikitazama shaba. Kwa kuwa bodi ina moto, karatasi itashika inapogusa. Ilenge vizuri kabla ya kuishusha, kwani huwezi kuisogeza tena.
3. Funika kwa karatasi moja ya kawaida. Weka pasi juu na uikandamize kwa uzito wa mwili, bila kuisogeza, kwa sekunde 30 hadi 40.
4. Sasa ipitishe pole pole, ukitumia ncha na ukingo wa pasi, hasa pembeni na kwenye kona. Pasi ya mvuke ina matundu chini, na chini ya tundu hakuna joto, kwa hiyo izungushe. Kwa bodi ya sentimita 5 kwa 4, dakika 3 hadi 4 kwa jumla zinatosha.
5. Ukianza kuona alama za njia zikijitokeza kwa mbali kwenye mgongo wa karatasi, tona imeshika.

Kandamiza, usisukume. Ukisukuma pasi kama unanyoosha shati, karatasi itateleza na njia zitapakazana. Ukikandamiza kwa nguvu zote kwa dakika nyingi, tona itatanuka na njia jirani zitaungana.

Zima pasi. Acha bodi ipoe yenyewe mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu.

Hatua ya 6: Loweka na uondoe karatasi

Tumbukiza bodi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni, uiache dakika 15 hadi 20. Karatasi italainika kama uji. Bandua tabaka la juu taratibu, halafu sugua yaliyobaki kwa kidole gumba, ukiviringisha nyuzi za karatasi. Zilizobana kati ya njia zitoe kwa mswaki uliolowa.

Usivute karatasi kavu. Ikigoma, irudishe majini dakika nyingine kumi.

Bodi ikikauka utaona ukungu mweupe juu ya tona na wakati mwingine juu ya shaba. Ulio juu ya tona hauna madhara. Ulio juu ya shaba, kati ya njia, ni mabaki ya ule mng'ao wa karatasi, na dawa haipenyi hapo. Sugua tena mpaka shaba ionekane wazi.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya dawa

Tazama kila njia kwenye mwanga mkali. Palipokatika au penye vitundu paka maka peni mara mbili, ukiacha ikauke kati ya mara moja na nyingine. Palipoungana, kwangua kwa ncha ya wembe. Kama zaidi ya robo ya mchoro imeharibika, usihangaike kuitibu. Futa yote kwa asetoni na urudi hatua ya 4. Saa moja ya kurudia ni bora kuliko bodi utakayokuwa unaitilia shaka kila ikikorofisha.

Hatua ya 8: Dawa ya kula shaba

Vaa glavu na miwani. Fanyia kazi nje au kwenye veranda yenye hewa, mbali na jiko, watoto na kuku. Dawa hii hutia doa la kahawia lisilotoka kwenye nguo, sakafu na sinki, na hula vyuma, kwa hiyo vyombo vyote viwe vya plastiki au kioo, hata cha kukorogea.

Kama ni mabonge, weka kwanza maji, mililita 250, halafu tia gramu 100 za dawa kidogo kidogo ukikoroga. Mchanganyiko utapata joto wenyewe. Usimwage maji juu ya dawa, kwa sababu joto hulipuka ghafla na kurusha matone.

Weka chombo cha dawa ndani ya beseni lenye maji ya moto. Dawa ikiwa na joto la nyuzi 40 hadi 50 hufanya kazi haraka zaidi kuliko ikiwa baridi. Usiichemshe jikoni kamwe. Bandika kipande cha tepu mgongoni mwa bodi kiwe mkono wa kushikia, izamishe, na utikise chombo taratibu bila kuacha, kama unayumbisha maji kwenye sinia. Kutikisa kunaondoa shaba iliyokwisha yeyuka na kuleta dawa mpya.

Kila baada ya dakika 2 au 3 inua uangalie. Kingo huanza kuliwa, kisha nafasi pana, mwisho sehemu nyembamba kati ya njia. Kwa dawa mpya yenye joto hutarajii zaidi ya dakika 10 hadi 20. Itoe mara tu shaba ya mwisho inapotoweka. Ukiiacha zaidi, dawa huingia chini ya tona kutoka pembeni na kuzila njia.

Ikirukia jicho, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ikigusa ngozi, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni.

Nakuomba pia jambo moja: dawa inayobaki usiitie kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Rangi yake inafanana na soda, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Tafuta dumu la plastiki lisilofanana na kinywaji, liandike SUMU kwa maandishi makubwa, na ulifungie juu.

Anayekosa feriki kloraidi anaweza kutumia mililita 100 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, gramu 30 za asidi ya sitriki na gramu 5 za chumvi ya mezani. Inafanya kazi na ni ya upole zaidi, ila haihifadhiki, kwa hiyo changanya ya siku hiyo tu na usiifunge kwenye chupa, maana hutoa gesi. Njia ya asidi kali ya kusafishia vyoo pamoja na peroksaidi siifundishi kwa anayeanza. Inatoa gesi ya klorini, na nyumba zetu nyingi vyumba vimebanana.

Hatua ya 9: Osha na utoboe

Suuza bodi kwenye beseni, si chini ya bomba la sinki. Usiondoe tona bado. Inailinda shaba mpaka siku ya kulehemu.

Toboa kwa biti ya 0.8 miguu ya rizista, kapasita ndogo na LED, 1.0 kwa daiodi 1N4007, na 1.3 kwa viunganishi vya nyaya. Miguu ya 7805 ni bapa na inahitaji 1.0 hadi 1.2. Weka mbao chini ya bodi, shika drili wima, na uache biti iingie yenyewe. Biti ngumu za kabaidi hudumu kwenye fiberglasi lakini hukatika ukizipinda kidogo tu. Za chuma cha kawaida hazikatiki ovyo lakini huwa butu haraka. Vumbi la fiberglasi ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa, lowesha bodi kidogo, na upanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza.

Hatua ya 10: Futa tona, lehemu, jaribu

Futa tona kwa asetoni au tina ya rangi. Shika bodi mbele ya tochi ya simu: kwenye FR4 mwanga unapita, na ufa mwembamba kama unywele kwenye njia utauona kama mstari wa mwanga. Kisha pima kwa multimita kwenye mlio, kila njia kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu kila njia na jirani yake. Ya kwanza ilie, ya pili isilie.

Lehemu vifaa vifupi kwanza, virefu baadaye. Ukimaliza, futa kwa spiriti na upake vanishi nyembamba au rozini iliyoyeyushwa kwenye spiriti ili shaba isiote kutu ya kijani, jambo linalotokea haraka kwa sisi wa pwani.

Unapounganisha betri ya sola, weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya chanya. Betri ikipata shoti inaweza kuwasha waya moto. Jaribu kwanza bila mzigo. Unapaswa kusoma kati ya volti 4.8 na 5.2. Kumbuka 7805 hugeuza volti zinazozidi kuwa joto: ukivuta nusu ampea kutoka volti 12, wati kama 3.5 zinapotea hapo, kwa hiyo ifunge kwenye hitisinki, kipande cha chuma cha kuipoza.

Dawa iliyokwisha nguvu

Feriki kloraidi hutumika mara nyingi. Ikigeuka kijani kizito na kuchukua zaidi ya saa moja kwa bodi ndogo, imechoka. Ina shaba nyingi ndani yake na huua viumbe vya majini, kwa hiyo usiimwage chooni, mtaroni wala karibu na kisima. Magadi ya jikoni ndiyo yatakayokusaidia. Kwenye ndoo ya plastiki kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, tia magadi yaliyoyeyushwa kidogo kidogo. Povu litapanda, subiri litulie, ongeza tena, mpaka lisipande kabisa. Tope litazama chini. Acha lijikaushe kabisa juani mahali pasipofikika na mifugo, ufunge kigumu kilichobaki kwenye mfuko mzito, na ukichanganye na saruji kabla ya kukitupa.

Mambo yakienda vibaya

*Tona yote imebaki kwenye karatasi.* Mara nyingi ni mafuta kwenye shaba. Kama jaribio la maji lilipita, ongeza joto la pasi na dakika za kupasha bodi. Tona za printa haziyeyuki kwa joto moja. Ukishindwa mara tatu mfululizo na bodi safi, jaribu steshenari nyingine kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

*Katikati imeshika, pembeni haikushika.* Tumia ukingo wa pasi kwa muda mrefu zaidi.

*Pembeni imeshika, katikati haikushika.* Makali ya msumeno hayakuondolewa, au bodi imepinda.

*Njia zimevimba na kuungana.* Umezidisha mgandamizo au muda. Punguza dakika moja.

*Vitundu vidogo kwenye maeneo mapana.* Tona ilikuwa nyepesi. Ziba kwa maka peni kabla ya dawa.

*Shaba haiishi sehemu moja, kwingine imekwisha.* Toa bodi, suuza, angalia kama pana unyuzi wa karatasi au ule mng'ao mweupe. Ondoa kwa mswaki na urudishe. Usingoje dawa ijitafutie njia, kwa sababu njia nyingine zinaendelea kuliwa.

*Pedi zinabanduka ukilehemu.* Ncha ya kulehemia ina moto mno au unakaa muda mrefu. Sekunde 3 kwa pedi moja zinatosha kama shaba ni safi. Kwenye bodi za kahawia pedi ziwe kubwa zaidi.

*Njia imekatika baada ya kila kitu kukamilika.* Lehemu kipande cha mguu wa rizista juu ya ufa, si risasi ya kulehemia tupu. Risasi peke yake hupasuka tena.

*Maandishi yamegeuka.* Kama bodi tayari imeliwa, kwenye 7805 maana yake mguu wa kuingilia na wa kutokea vimebadilishana nafasi, na kwenye aisi za miguu minane miguu yote imehama. Unaweza kuiokoa bodi kwa kupanda vifaa upande wa shaba na kulehemu huko huko, ukiacha miguu mirefu kidogo ili ncha ipate pa kupita. Kama umeliona kosa kabla ya dawa, futa tona kwa asetoni, geuza mchoro kwenye faili, uchape upya kwa kuwa nakala zilizobaki zina kosa lile lile, na uanze tena kwenye hatua ya 4.